Sura ya Tisa: Chupa Namba Saba

Barua iliyonivurugia maisha iliingia Alhamisi saa nne asubuhi, dada yangu akiwa ameketi mbele ya meza yangu akinieleza kwa nini nisiolewe.

Hakuna aliyemwalika. Dada yangu ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mji huu, na mpaka leo anaamini kila mlango ni wa wodi yake. Alikuwa ameubwaga mkoba wake juu ya ripoti zangu, anahesabu sababu kwa vidole.

"Kwanza umri. Umemzidi miaka sita."

"Mitano na nusu."

"Unaona? Mpaka miezi unaihesabu. Pili, ni mgane mwenye binti mkubwa, na yule binti hajakuchekea hata mara moja. Tatu..." Alishusha sauti, utadhani tuna wagonjwa jirani. "Tatu, mdogo wangu, ni fundi. Wewe ni profesa. Watu wanapanda ndege kuja kukusikiliza ukiongea habari za mwani. Yeye anakaza nati."

"Bila hizo nati hakuna mafuta, Dada."

"Sikatai. Nasema tu, nati zake azikaze hukohuko."

Nilicheka, kwa sababu kumkasirikia dada yangu ni kujichosha bure. "Jumamosi ndugu zake wanaleta posa. Utawapokea au hutawapokea?"

"Nitawapokea. Nitavaa vizuri na nitafunga mdomo. Lakini usije ukasema sikukuambia." Akanitazama kidogo, uso ukalegea. "Unampenda kweli?"

"Nampenda."

Nilishangaa neno lilivyotoka kirahisi. Nina miaka hamsini na mbili, na kwa muda mrefu watu walikuwa wamekata tamaa nami kuhusu jambo hilo. Wanafunzi wananiita Mama Mwani, na najua wakiwa peke yao wanasema nimeolewa na majani ya baharini. Fundi alikuja kusimamia mitambo ya maabara yetu miaka kumi na moja iliyopita. Hakuwahi kunisifu hata kwa neno moja. Siku moja tu nilikuta kikombe cha chai mezani kwangu, bila sukari, nami sikuwahi kumwambia mtu kwamba situmii sukari. Kesho yake kikawepo tena. Kilikuwepo kwa miaka saba kabla hajapata ujasiri wa kukaa na kunywa nami. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchungulia dirishani saa ya chai kama msichana wa shule, na sioni haya kusema hivyo.

Ndipo kompyuta ikalia, nikafungua ile barua.

Ilitoka kwa mtafiti wa mbali ambaye sijawahi kumwona. Miezi minne nyuma tulimtumia mbegu za mwani wetu, Namba Saba. Aliandika kwa adabu sana. Alisema wameziotesha mara tatu, na mara zote tatu zimekufa katika maji ya joto kabla ya siku ya kumi. Wakapima vinasaba vya mwani huo. Haukuwa ule tulioueleza kwenye makala. Ulifanana kabisa na mwingine wetu, Namba Kumi na Moja. Alimalizia kwa kusema labda kosa liko upande wao.

Niliisoma mara mbili.

Niseme mambo yalivyo, ili nieleweke. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikitafuta mwani mmoja tu: unaostahimili maji yanayozidi kupata joto, na ambao ukichachuliwa unatoa mafuta ya kutosha kuendesha injini. Wa kwanza tulikuwa nao, Namba Saba, mgumu lakini mafuta yake kiduchu. Wa pili tulikuwa nao, Namba Kumi na Moja, mafuta tele lakini joto kidogo tu anakufa. Kisha miaka mitatu iliyopita Namba Saba akaanza kutoa mafuta mara mbili ya zamani. Tukashangilia, nikaandika makala, dunia ikanisikia. Mwezi ujao nilikuwa nikabidhiwe kituo kipya cha utafiti kwa sababu ya makala hiyo.

Kama barua ilisema kweli, hakukuwa na mwani wa namna hiyo. Nilikuwa nimechukua ugumu wa mmoja, tulioupima zamani, na mafuta ya mwingine, wawili nikawaita mmoja.

"Umekuwaje?" dada akauliza. "Umepauka."

"Kazi tu. Nenda nyumbani, Dada, tutaongea jioni."

Mbegu zetu zinakaa katika chumba baridi kisicho na dirisha, chini ya taa nyekundu. Mwani wa kahawia ndivyo ulivyo: kwenye mwanga mwekundu mbegu zake zinaongezeka taratibu bila kuzaana, lakini ukiziwashia taa nyeupe siku chache, dume anamtafuta jike na mambo yameharibika. Wanafunzi wanakiita chumba hicho Bweni, na mimi ndiye matroni. Kila chupa ina lebo nyeupe yenye namba kwa penseli nyeusi. Zile chupa kubwa, chupa za mama, hazitoki humo. Maji yake yanabadilishwa humohumo, mbegu zinachotwa humohumo.

Siku hiyo nilivunja sheria yangu mwenyewe. Nilitaka kuiona rangi ya Namba Saba kwa macho yangu, si kwa kuambiwa na mtu wa mbali. Nikaikumbatia chupa, nikasukuma mlango kwa bega, nikatoka nayo kwenye korido yenye taa nyeupe.

Chini ya ile namba kulikuwa na maandishi mekundu.

"KOSA. Hii si 7, ni 11. Lebo zimebadilishana siku ya kurudisha chupa. Nijulishe." Kulikuwa na tarehe ya miaka mitatu iliyopita, miezi sita kabla makala haijatoka. Na ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu, niliyokuwa nikiiona kila siku kwenye vikaratasi vya "nimeweka chai", ilikuwa ya Fundi.

Niliikaza chupa kifuani, nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa mitambo, amepiga goti chini ya pipa la kuchachulia la tatu, spana mkononi. Aliponiona alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. Kisha akaiona chupa, na tabasamu likafa.

"Kwa nini umeitoa?" akauliza.

"Ulijua," nikasema.

Akasimama polepole. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na sikuweza kumsubiri.

"Miaka mitatu. Umekunywa chai na mimi kila siku. Umekuja kwangu, umekaa kwenye kiti changu, umeniambia habari za marehemu mkeo mpaka tukalia wote wawili. Jumamosi unaleta wazee. Na wakati wote huo ulijua kazi yangu ni ya uongo, ukanyamaza."

"Profesa, shusha sauti."

"Usiniite Profesa." Tukiwa wawili huniita mwenzangu.

"Sasa nikuite nani?" Sauti yake nayo ilianza kupanda, na yeye si mtu wa kupandisha sauti. "Mimi nilinyamaza? Niliandika. Sheria ya pili pale ukutani, mwandiko wako mwenyewe: kosa lisifutwe, lisahihishwe kwa wino mwekundu, liwekwe tarehe na sahihi. Nikafanya hivyo. Mashine ya baridi ya Bweni ilipoharibika, chupa zililetwa hapa kwangu siku mbili. Lebo zililowa, zikabanduka. Ukaandika mpya kwa haraka kwa sababu ulikuwa unawahi ndege. Lakini mimi kila chombo kinachoingia humu nakikwaruza namba chini ya kitako, siamini karatasi. Nikaona saba na kumi na moja hazilingani. Wewe umeshaondoka. Nikaandika, nikaifunika kwa mfuko mweusi isipigwe na mwanga, vijana wakazirudisha."

Niliigeuza chupa. Chini ya kitako, kwa mikwaruzo myembamba, palikuwa na kumi na moja.

"Ukarudi baada ya wiki mbili," akaendelea. "Nikasubiri useme. Kimya. Makala ikatoka na namba ileile. Nifanye nini? Nikuite mwongo mbele ya wanafunzi wako?"

"Sikuiona."

"Chupa unaishika kila wiki."

"Naishika Bweni. Haijatoka Bweni tangu..."

Tulitazamana. Nadhani tulielewa kwa wakati mmoja, kwa sababu alinipokonya ile chupa tukaenda mbio kwenye korido, watu wazima wawili, mpaka mhasibu akatoa kichwa mlangoni kwake. Nikafungua Bweni. Tukaingia, mlango ukajifunga nyuma yetu.

Lebo ilikuwa nyeupe tupu, na katikati ile 7 ya penseli.

Fundi alipapasa karatasi kwa dole gumba, mahali ambapo sekunde chache nyuma kulikuwa na maneno yake. Chini ya taa nyekundu, wino mwekundu haupo: karatasi nyeupe nayo inakuwa nyekundu, na wino unapotelea humo. Kila mtu anayefanya kazi humo anaweza kukueleza sababu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiwaza. Mimi mwenye digrii tatu nilitunga sheria ya wino mwekundu, nikaibandika ukutani, kisha nikafunga mbegu zangu zote katika chumba ambamo wino huo hausomeki.

Nilianza kucheka. Naye akacheka, kicheko cha kukosa pumzi, akaiweka chupa kwenye rafu na kunishika mikono. Mikono yake ilikuwa na joto katika ile baridi. Alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni ya mafundi, na katika mwanga ule uso wake ulionekana wa kijana.

"Kwa hiyo hukusoma," alisema taratibu. "Mwenzangu. Kumbe hukusoma."

Alisema kwa furaha. Namna ile ya kutua mzigo. Na ni ile furaha iliyonichoma.

"Kwa hiyo wewe," nikasema, "miaka yote mitatu ulifikiri nimesoma."

"Sasa ningefikirije?"

"Ulifikiri nimesoma, nikaamua kutangaza uongo."

Aliachia mkono wangu mmoja, si wote. "Siku makala ilipotoka ulikuja kule kwangu. Ukanishika mkono, macho yamejaa machozi. Ukaniambia, Fundi, asante kwa kila kitu. Unakumbuka?"

Nakumbuka sana. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa.

"Nilikuwa nakushukuru kwa chai," nikasema. "Kwa mitambo. Kwa kukaa hapa mpaka usiku na mimi."

"Mimi nikadhani unanishukuru kwa kunyamaza."

Mashine ya baridi ilinguruma juu yetu. Nilitaka sana kukumbatiwa, na nilijua nikikumbatiwa sitauliza tena.

"Niambie ukweli," nikasema. "Ulipoamua kuniposa, ulijua unamwoa nani?"

"Wewe."

"Mimi yupi?"

Fundi hajui kusema uongo, ndiyo sababu hunyamaza. "Mwanamke aliyekosea mara moja," alisema mwishowe. "Aliyeogopa kupoteza kazi ya maisha yake. Nilishakusamehe zamani. Nilijiambia hata mimi ningeogopa."

"Basi umemposa mtu mwingine. Mimi sijawahi kuwa huyo."

"Nilikupenda ukiwa na doa. Sasa naambiwa huna, na wewe unakasirika?"

"Nakasirika kwa sababu kwenye kazi hii mimi sina kitu kingine, Fundi. Sina watoto, sina nyumba ya maana, nina jina la kutosema uongo. Na mtu aliyenijua kuliko wote aliniona mwongo kwa miaka mitatu bila hata kuniuliza."

"Na wewe?" Aliachia na mkono wa pili. "Ulipoingia kule na chupa, dakika ngapi zilikutosha kuniona mnafiki?"

Alikuwa amesema kweli, na hilo halikunipunguzia chochote.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema. "Neno moja tu. Profesa, uliona niliyoandika? Hata mfagizi angeniuliza."

"Kwa sababu nilikuwa nakupenda tayari. Niliogopa ungesema ndiyo."

Baada ya hapo hatukuwa na la kufanya ila kutoka.

Saa nane alikuja ofisini kwangu, kwa sababu nilimwita. Nilikuwa nimeshamjibu yule mtafiti kwamba kosa si lake. Nilikuwa nimeshawapigia wa kituo kipya. Walinisikiliza, wakasema watanipigia, na kwa namna walivyosema nilijua hawatanipigia. Kwenye printa ilitoka fomu ya jarida ya kuondoa makala. Sehemu ya kwanza ni ya mwandishi, nilishaijaza. Sehemu ya pili ni ya mtu aliyegundua kosa mwanzo: tarehe, maelezo, uhusiano wake na mwandishi.

Alikaa kwenye kiti alichokalia dada yangu asubuhi. Hakukuwa na chai. Aliandika tarehe ile ya miaka mitatu nyuma. Aliandika maelezo, mistari minne, mwandiko wake ule ule wa mkia. Akafika kwenye kisanduku cha mwisho, kalamu ikasimama.

"Hapa wanataka uhusiano."

"Nimeona."

"Nikiandika mchumba, watasema tulipanga wote. Hawatakuacha hata na hii maabara. Nikiandika mfanyakazi mwenzake, siyo uongo. Itapita."

"Umeanza tena."

"Nimeanza nini?"

"Kunilinda."

Akaiweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwamba alikuwa amelia mahali fulani kati ya mapipa yake, peke yake, kabla ya kuja kwangu. Moyo ulinivuta kuelekea kwake kwa nguvu mpaka nikashika ukingo wa meza.

"Niulize," nikasema. "Lile swali. Niulize sasa."

Alinielewa mara moja. "Ulijua?"

"Sikujua."

"Nakuamini."

Alisema haraka mno. Nilisubiri nipate nafuu, nikasubiri kweli, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayataka tangu asubuhi. Nafuu haikuja. Alinitazama kwa upendo ule ule aliokuwa akinitazama nao alipoamini kwamba nimedanganya dunia nzima, na mimi, kazi yangu yote kupambanua vitu vinavyofanana, sikuona tofauti yoyote.

"Unaniamini kwa sababu ni kweli," nikauliza, "au kwa sababu unanipenda?"

"Kwangu ni kitu kimoja."

"Kwangu si kimoja. Na sidhani nitaweza kulala kila siku nikijiuliza ni kipi."

Aliitazama mikono yake juu ya magoti, mikono ile iliyoumia na kupona mara mia kwenye vyuma vyetu. Kisha akachukua kalamu na kuandika katika kisanduku, kwa herufi kubwa zinazosomeka: MCHUMBA. Akaigeuza fomu iniangalie, nitie sahihi.

Nilikaa nalo neno lile. Lilikuwa zuri. Hakuna mtu aliyewahi kuliandika kuhusu mimi mahali popote.

"Ongeza neno kabla yake," nikamwambia.

"Neno gani?"

"Aliyekuwa."

Aliinua macho. Midomo yake ilifunguka, na nilimwona akitaka kuuliza kama kweli nataka hivyo. Kama angeuliza, sijui ningemjibu nini. Nadhani ningeshindwa. Nilimsubiri, nikahesabu pumzi zangu, nikamsubiri tena.

Hakuuliza. Akaivuta fomu, akatafuta nafasi kati ya ukingo wa kisanduku na lile neno lake, akalibana langu humo kwa herufi ndogo ndogo, kwa sababu hakuwa ameacha nafasi.